CHUKU NI TIBA, LAKINI TUSIPIGIANE CHUKU

Maneno haya "tiba mbadala" yameingia mjini kwetu kwa kishindo. Ukitoka Marikiti hapa Mombasa ukafuata vichochoro vya kuelekea Mji wa Kale, utayakuta yameandikwa juu ya milango na juu ya chupa za mafuta ya habasoda, na chini yake yamepangwa maradhi kama bidhaa za duka: sukari, presha, pumu, saratani, ugumba, mgongo na jini mahaba. Mimi sina ugomvi na dawa zetu. Nimelelewa kwa shubiri na uwatu, nikafukizwa chini ya shuka hata machozi yakanitoka, na mwarobaini ulio uani kwetu umeniingia tumboni mara nyingi kuliko chai ya maziwa. Ugomvi wangu wa kwanza ni na hilo neno lenyewe. Mbadala wa nini?

Kwa Mzungu neno hilo lina maana. Yeye ana daktari wake na hospitali yake, na akichoka nazo hutafuta kitu kingine cha kuziba pahala pake. Lakini kwetu sisi watu wa pwani, mambo haya hayakuwa badala ya kitu chochote. Yalikuwa ndiyo tiba, tena tiba yenye vitabu, yenye walimu na yenye kanuni. Tukikubali kuiita mbadala tutakuwa tumekubali jambo jingine bila kujua, nalo ni kwamba haina asili na kwa hiyo haina sheria, na kila mwenye vikombe vya plastiki na kibao cha rangi aweza kujiita tabibu.

Ushahidi wa asili hiyo hauko mbali, uko midomoni mwetu. Mzee akishikwa na maumivu ya viungo husema ana baridi yabisi. Ni wangapi kati yetu wanaojiuliza kwa nini ugonjwa huo ukaitwa hivyo? Yabisi ni kavu. Matabibu wa kale walifundisha kwamba mwili wa mwanadamu unaendeshwa na vioevu vinne: damu, ambayo ni ya moto na majimaji, safura, ya moto na kavu, belghamu, ya baridi na majimaji, na sauda, ya baridi na kavu. Vikilingana, mtu huwa mzima. Kimoja kikizidi, mizaji yake huharibika. Kwa hiyo mgonjwa wa baridi yabisi anapotaja ugonjwa wake huwa anasoma, pasi na kujua, ukurasa wa elimu ya Galen, yule Mgiriki aliyefariki yapata miaka 1800 iliyopita. Belghamu tumebaki nayo kifuani wakati wa kikohozi. Safura, ambayo leo twaitumia kwa maradhi ya upungufu wa damu na minyoo, ndiyo ile nyongo ya manjano ya vitabu. Na mwanamke aliyejifungua anapokatazwa madafu na vyakula vya baridi, akapewa uji wa pilipili manga na tangawizi, mkunga wake anafuata kanuni ile ile hata kama hajapata kusikia jina la Galen maishani mwake.

Elimu hiyo haikuja kwetu moja kwa moja kutoka Ugiriki. Ilipitia Baghdad, ambako Hunayn bin Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alitafsiri vitabu vya Galen kwa Kiarabu na Kisiriani. Hunayn alikuwa Mkristo, na makhalifa waliomwajiri hawakuona ila. Baada yake akaja Abu Bakr al-Razi, mtu wa Rayy, aliyeandika kitabu cha kutenganisha ndui na surua. Kisha Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki 1037, ambaye kitabu chake al-Qanun kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 na kikasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne kadhaa. Hivyo basi, hata huyo daktari wa Kizungu tunayemwekea "mbadala" alikuwa mwanafunzi wa shule moja na sisi. Njia ziliachana baadaye.

Huku kwetu mafunzo hayo yalipanda majahazi pamoja na tende na mazulia. Yalikuja kwa Wayemeni na Wahadhrami, kwa Waomani, na kwa Wahindi ambao mpaka leo wanaiita tiba hii Unani, yaani ya Kigiriki. Miongoni mwa vitabu vilivyoshikwa na waganga wa kitabu hapa pwani ni kile kiitwacho al-Rahma fi al-Tibb wa al-Hikma. Wengi hudhani ni cha Imam Suyuti, kumbe mwandishi wake ni Mahdi al-Sanawbari wa Yemen. Kukutana na elimu ya mitishamba ya wenyeji, ya Wamijikenda na Wapokomo waliojua mizizi ya misitu yao, ndiko kulikozaa tiba ya Mswahili kama tuijuavyo: sanamaki ya kuendesha tumbo, mvuje wa kufukuza wabaya, kombe lililoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe na kuoshwa kwa marashi mawaridi. Juu ya kombe na hirizi masheikh wetu wamebishana na wangali wanabishana, na ubishi huo nawaachia wao. Hapa nazungumza juu ya dawa.

Ikiwa kuna tiba moja iliyofufuka kwa nguvu miaka hii, ni kuumika, ambayo vijana sasa huiita hijama. Wazee waliita kupiga chuku. Muumishi alikuwa na pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani. Akiiweka mgongoni huivuta pumzi kwa mdomo, akaziba tundu kwa nta, ngozi ikainuka ndani ya pembe. Kisha huiondoa, akachanja kwa wembe, akairudisha, damu ikajaa. Kwa sababu gani lugha yetu ikalifanya neno hilo hilo kuwa na maana ya kutia chumvi katika maneno, sijui wengine wanasemaje, lakini mimi naona ni kwa vile pembe huvuta nyama kidogo ikawa kichuguu! Anayepiga chuku barazani afanya vivyo hivyo kwa habari ndogo.

Chuku si yetu peke yetu. Wamisri wa kale na Wagiriki waliumika, Wachina waliumika, na London yenyewe katika karne ya 19 ilikuwa na waumishi wa kazi wakiajiriwa hospitalini. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio, muogeleaji Michael Phelps wa Marekani alionekana na madoa mekundu ya duara mabegani, na vijana wetu wakafurahi kana kwamba ametoa shahada. Kwa Muislamu tiba hii ina heshima zaidi, kwani Mtume (S.A.W.) aliitaja pamoja na asali miongoni mwa mambo yenye ponyo. Hakuna anayeipinga heshima hiyo. Swali ni nani ashike wembe, na wembe huo umetoka wapi. Zama za pembe hatukujua kwamba damu yaweza kupitisha virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Sasa twajua. Nimeona kwa macho yangu vikombe vikisuuzwa kwa maji ya ndoo moja baada ya watu watatu, na mwenyewe akisoma Bismillahi kwa sauti nzuri kila akianza. Kusoma ni wajibu wake. Kuchemsha vyombo pia ni wajibu wake.

Hapa ndipo inaponipasa kusimulia habari ya jirani yangu. Ni mwanamke wa makamo, mshonaji, mwenye maradhi ya sukari kwa miaka mingi, akijidunga insulini asubuhi na jioni. Mtu mmoja aliyefungua chumba cha "tiba ya Kiislamu" alimwambia aache sindano siku arubaini, anywe unga wake wa habasoda na vitu vingine. Alilipa fedha ambazo kwake ni za miezi. Juma la pili alianguka cherehanini, akapelekwa hospitali hajitambui. Uhai alirudishiwa, lakini kijeraha kilichokuwa unyayoni kilikwisha kuoza, na mguu ulikatwa chini ya goti. Watoto wake walipokwenda kumuuliza yule bwana, aliwajibu kwamba mama yao hakuwa na imani ya kutosha. Kisha akahama mtaa.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Maana si jibu la dini wala si jibu la tiba. Ni kweli, imo hadithi sahihi kwamba habasoda ni ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Lakini wanavyuoni waliobobea hawakuichukua juu juu. Al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 wa Hijra, alieleza kwamba tamko ni la jumla lakini makusudio yake ni mahsusi, yaani yale maradhi ya baridi na unyevu ambayo habasoda, kwa umoto na ukavu wake, huyapinga. Huyo ni mtu wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, asiyejua insulini ni nini, naye aliona haja ya kupima. Je, sisi tuliosoma zaidi tumekuwa wepesi zaidi?

Iko hadithi nyingine ambayo sijaiona imebandikwa juu ya mlango wowote mjini. Wameipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah: kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Ibn al-Qayyim, mwenye kile kitabu cha Tiba ya Mtume ambacho wauzaji wa dawa hupenda kukitaja, aliieleza hadithi hiyo kwa urefu na kutaja hukumu za tabibu mjuzi na za mjinga. Kwa hukumu hiyo yule bwana aliyehama mtaa ana deni la mguu. Wanaomtaja Ibn al-Qayyim wangefungua na ukurasa huo.

Na wala jambo la kuwapima matabibu halikuanzishwa na serikali ya Kiingereza. Mwaka 319 wa Hijra, yaani 931, mtu mmoja wa Baghdad alikufa kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamrisha asitibu mtu yeyote ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu. Wanahistoria wameandika kwamba waliopewa ruhusa katika jiji hilo walizidi 860, mbali na wale ambao umashuhuri wao uliwatosha. Wamehadithia pia kisa cha mzee mmoja mwenye haiba aliyeingia kwa Sinan, akamwekea dinari mbele yake, kisha akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika na kwamba anaitegemea kazi hiyo kulisha watu wake. Sinan alicheka, akamruhusu kwa sharti asimshambulie mgonjwa kwa asichokijua, wala asiamuru kutoa damu au dawa kali ya kuendesha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kwamba hajapata kuvuka siki ya asali na sharubati tangu aanze! Kesho yake akaja kijana, akaulizwa amesoma kwa nani. Kwa baba yangu, akasema, na baba alikuwa ndiye yule mzee. Sinan akampitisha kwa sharti lile lile.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakikumdharau mzee. Hakikumfunga jela, wala hakikumwacha afanye atakavyo. Kilimwekea mpaka. Sasa linganisha na yaliyotupata sisi. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925, na sheria hiyo ikadumu hata baada ya Uhuru. Ilikusudiwa kwa wenye kujidai nguvu za ajabu, lakini kivuli chake kilimwangukia kila aliyeitwa mganga, mwenye mizizi na mwenye hirizi, mkweli na mwongo. Matokeo yake yalikuwa nini? Mkweli alijificha, akafa na elimu yake. Mwongo naye alizoea giza, na gizani hakuna mtahini.

Wapo watakaosema kwamba tiba ya Mtume ni wahyi na kwa hiyo haipimwi. Nawaheshimu, lakini wajue kwamba kauli yao si kauli ya wote. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliandika waziwazi katika Muqaddima yake kwamba tiba iliyopokewa katika hadithi ni ya ada za Waarabu wa jangwani, na kwamba Mtume alitumwa kutufundisha sheria, hakutumwa kufundisha utabibu. Ila mwenye kuitumia kwa kutafuta baraka na kwa imani ya kweli huenda akanufaika. Mwenye kumpinga Ibn Khaldun na ampinge kwa hoja. Mimi kinachonigusa zaidi ni kitendo cha Mtume mwenyewe: Saad bin Abi Waqqas alipougua moyo, alimwagiza aende kwa al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa yeye ni mtu anayetibu. Na Uislamu wa al-Harith ni jambo ambalo wanavyuoni wamelitilia shaka.

Wala tusidhani upofu huu ni wa Waislamu. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwamo, walivuka mpaka kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga foleni za kilomita nyingi. Dawa ilikuwa mizizi ya mti uitwao mugariga, mti halisi wenye matumizi ya zamani, na mzee mwenyewe hakutajirika kwa bei hiyo. Lakini walikuwapo wagonjwa waliotoka vitandani hospitalini, na walikuwapo waliotupa vidonge vya Ukimwi. Babu amefariki mwaka 2021. Wapo waliotupa vidonge waliomtangulia.

Kupima maana yake si kudharau. Al-Razi huyo huyo ameacha maandishi kwamba aliwatoa damu kundi moja la wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, akaliacha kundi jingine makusudi, ili aone tofauti. Daktari Pierre Louis wa Paris alihesabu wagonjwa wake waliotolewa damu na akachapisha hesabu hiyo mwaka 1835, miaka mia tisa baadaye. Yeye aliona faida ni ndogo mno kuliko ilivyodhaniwa, na tangu hapo kutoa damu kukaanza kupungua Ulaya. Tazama pia Wachina. Bibi Tu Youyou alipotafuta dawa ya malaria alifungua vitabu vya kale, na katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 akakuta kwamba majani ya qinghao yarowekwe majini na kukamuliwa. Hayakuchemshwa! Akatambua kuwa moto ndio uliokuwa ukiiua dawa, akaitoa kwa njia isiyo na joto kali mwaka 1971, akainywa yeye mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Vidonge vya malaria tunavyopewa leo zahanati vyatokana na hapo, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Hakuiita mbadala. Aliisoma, akaipima.

Mwarobaini wetu nao umepata kufika mahakamani. Mwaka 1994 kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani zilipewa hataza ya Ulaya, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya namna ya kutumia mafuta ya mti huo kuua ukungu wa mimea. Wahindi walipinga kwamba wakulima wao wanalijua jambo hilo tangu zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa 2005. Walishinda kwa sababu walikuwa na ushahidi wa kuonyesha. Sisi tungeonyesha nini?

Madaktari nao wasikae kando wakicheka. Marehemu mama yangu alipata kumwambia daktari wa hospitali moja kwamba amekunywa shubiri kabla ya kuja. Alikaripiwa mbele ya watu kama mtoto aliyeiba sukari. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakumwambia daktari yeyote alichokunywa, na zipo dawa ambazo zikikutana tumboni hugombana. Kuuliza kwa upole, "Mama, umetumia dawa gani nyumbani?" hakuhitaji mashine wala bajeti.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeweka sehemu nzima juu ya tiba za jadi na tiba mbadala, ikataka iwepo sera ya kuziongoza na chombo cha kuzisimamia kitakachoundwa kwa sheria ya Bunge. Wabunge wetu wa pwani, wanaopenda kupigwa picha wakinunua asali, wana kazi hapo. Chombo hicho kikiundwa, kisijae watu wa Nairobi watupu. Aketi humo mkunga wa Lamu, aketi mjuzi wa mizizi wa Kaloleni, aketi maalimu anayesoma Kiarabu cha vitabu vya tiba, pamoja na daktari na mfamasia, na kila anayetaka kuumika apite mbele yao na vyombo vyake.

Na wenye masanduku nyumbani, hasa Lamu, Pate na Siyu, nawaomba wayafungue. Najua zimo karatasi za tiba zilizoandikwa kwa hati ya mkono na mababu, nyingine kwa Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mchwa hawasubiri. Wasiotaka kutoa asili na watoe nakala tu. Pale Mji wa Kale Mombasa kuna ile taasisi ya uchunguzi wa Uswahili, RISSEA, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, na Lamu pana makumbusho yao. Karatasi zipigwe picha, zirudi sandukuni siku hiyo hiyo na mwenyewe akiwepo.